Picha za Gari-Moshi Mtaani: Mapambo au Hati?

Kuna mazoea yaliyokwisha kuota mizizi miongoni mwetu, nayo ni kuzitazama picha za zamani za miji yetu kama mtu atazamavyo ua lililochanua: tunasifu, tunatabasamu, kisha tunapita. Picha ya gari-moshi likipenya katikati ya mtaa, baina ya nyumba na nyumba, huku watu wamejibanza milangoni, ndiyo hasa ipendwayo. Hupachikwa katika kuta za hoteli, huchapwa katika kalenda, huuzwa madukani kwa wageni. Tunasema wazi tangu mwanzo kwamba mazoea haya ni mabaya. Picha ya namna hiyo si pambo. Ni hati ya kazi, kama daftari la bandari au stakabadhi ya mshahara ilivyo hati. Na mwenye kuitundika hati ukutani bila ya kuisoma hana tofauti kubwa na yule asiyekuwa nayo.

Tuanze nyumbani. Mwaka 1905 huko Unguja ilianza kazi reli ya maili 7, kutoka mjini karibu na Ngome Kongwe hadi kijiji cha Bububu, upande wa kaskazini. Iliyoijenga ni kampuni ya Kimarekani ya Arnold Cheney, kwa mkataba na Serikali ya Sultani, na mwaka 1911 Serikali hiyo ikainunua. Yupo hadi leo mtu atakayekuapia kwamba jina la Bububu limetokana na mngurumo wa injini. Si kweli hata kidogo. Binti Sultani Salme, aliyekuja kuitwa Emily Ruete, alikitaja kijiji hicho kwa jina lake katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886, miaka karibu 20 kabla ya injini hiyo kuwasha moto. Tunalitaja jambo hili kwa sababu ni kielelezo cha ugonjwa wenyewe: hata jina tulilolirithi kwa wazee tumekuwa tayari kulizawadia gari-moshi.

Reli hiyo ilipita katika mitaa ya mji wenyewe, mitaa ambayo upana wake ulipimwa kwa mwendo wa binadamu na punda. Gari lilipokuja, mpita njia hakuwa na pa kukimbilia isipokuwa kizingiti cha mlango wa mtu. Mwalimu aliye na nakala ya picha kama hiyo ana somo la wiki nzima mkononi mwake. Awaulize wanafunzi: kutoka baraza ya nyumba hadi kwenye reli ni hatua ngapi? Mtoto aliyetumwa dukani alipita wapi? Hamali aliyekuwa na gari lake la mkono alifanya nini alipokutana na gari la moshi uso kwa uso? Na zaidi ya yote, ni nani aliyeulizwa kabla ya mataruma kulazwa mbele ya mlango wake? Picha haiyajibu maswali haya yote, lakini inayalazimisha yaulizwe, na hiyo ndiyo tofauti baina ya hati na pambo.

Mwaka 1922 gari la Bububu liliacha kuchukua abiria. Iliyobaki ilikuwa kazi ya kubeba mawe ya ujenzi wa bandari, hata mwishoni mwa miaka ya 1920 reli ikafungwa kabisa. Hapa ndipo penye jambo tunalotaka msomaji alikazie macho. Kadi za posta zilizoenea ni za gari la abiria, lile lililowachukua pia wageni walioshuka melini kwa matembezi ya saa chache. Gari la mawe halikupata bahati hiyo. Ni rahisi zaidi leo kuikuta picha ya behewa lenye viti kuliko picha ya behewa lenye mawe, ingawa ni mawe, wala si viti, yaliyoingia katika bandari ambayo Unguja iliishi kwayo. Mpiga picha wa biashara alifuata mnunuzi, na mnunuzi alikuwa mgeni aliyetaka kuwatumia jamaa zake ng'ambo habari ya mahali pa ajabu. Nani angelinunua vumbi la mawe?

Wala hatusemi haya kwa kuwadharau wapiga picha wale. A. C. Gomes, Mgoa aliyefungua duka lake la picha Unguja katika karne ya 19, na wenzake waliomfuata, walikuwa mafundi wa kweli. Lakini fundi hufanya kazi kwa chombo alicho nacho na kwa mteja anayelipa. Chombo cha wakati ule kilikuwa kamera nzito yenye miguu mitatu na sahani ya kioo, sahani ambayo haikuwa nyepesi kuunasa mwanga kama filamu za miaka ya baadaye. Kitu kilichotulia kilitoka wazi. Kitu kilichokwenda kilitoka kama ukungu. Basi fikirini maana yake. Bwana aliyeketi kwenye kiti alitoka na vifungo vya koti lake. Kibarua aliyekuwa akikimbia na bendera mbele ya injini, ikiwa hakuamriwa asimame, alitoka kama moshi. Kwa hiyo hata kabla ya mtu yeyote kuandika neno chini ya picha, chombo chenyewe kilikuwa kimekwisha kuchagua: aliyepumzika akumbukwe, aliyefanya kazi afifie.

Ng'ambo ya pili ya bahari, Mombasa, jambo hili lilikuwa wazi zaidi. Tangu miaka ya 1890 mji huo ulikuwa na reli nyembamba mitaani, yenye vigari vidogo vilivyofunikwa kwa turubai. Reli hiyo haikuhitaji makaa wala maji, kwa maana injini yake ilikuwa watu. Vijana wawili au zaidi walikisukuma kigari kwa nyuma, wakikimbia jua kali, na mwenye cheo akiketi mbele kivulini. Picha za vigari hivyo zipo nyingi. Katika nyingi ya hizo tunaona kofia ya bwana, mwavuli wa bibi, na nyuma yao wasukumaji wamesimama wima, kwa kuwa safari hii wameamriwa wasimame. Ukitafuta majina yao chini ya picha huyaoni. Jina la mtaa lipo, na jina la kigari lipo. Historia imetuachia injini isiyokuwa na jina, na injini hiyo ilikuwa binadamu.

Wako ndugu zetu wanaosikia haya kisha wakatoa hukumu ya haraka: ikiwa picha hizi zilipigwa kwa jicho la mkoloni, kwa ajili ya mfuko wa mkoloni, basi zitupwe. Tunawaelewa, lakini hatuwaungi mkono. Mwenye kuitupa picha hiyo anamtupa msukumaji pamoja na bwana. Anaitupa pia nyumba, baraza, kilemba, kikapu, na ule uso wa mtoto uliochungulia dirishani bila ya mpiga picha kukusudia. Mkoloni alitaka kuonyesha kitu kimoja, kamera yake ikaonyesha vingi. Na hivyo vingi ni vyetu. Kazi yetu ni kumnyang'anya picha hiyo kwa kuisoma, wala si kumwachia kwa kuichoma.

Kundi la pili ni kubwa zaidi na ndilo tunalogombana nalo hasa. Hao ni wale wanaozipenda picha hizi kwa sababu zinawaliwaza. Kwao gari-moshi mtaani ni alama ya enzi ya utulivu, enzi ya watu wastaarabu wasiokuwa na haraka. Tunawaomba waazime macho ya watu wa New York, huko Marekani, ambako jambo hili lilikuwa kubwa kuliko kwetu. Mwaka 1846 jiji hilo liliruhusu reli ilazwe katika njia za upande wa magharibi wa Manhattan. Magari ya mizigo, yenye nyama, maziwa na makaa, yakapita katikati ya watu na mikokoteni kwa karibu miaka 100. Watu waliuawa kwa wingi kiasi kwamba barabara ile iliitwa Njia ya Mauti. Sheria ikalazimu mtu aliyepanda farasi atangulie mbele ya kila gari, akipunga bendera mchana na taa usiku. Mwaka 1908 watoto wa mitaa ile waliandamana baada ya mwenzao kuuawa na gari-moshi. Farasi wa mwisho alitangulia mbele ya gari mwaka 1941. Picha za wapanda farasi hao leo zinapendeza mno, nazo huuzwa kama za Bububu zinavyouzwa. Lakini mwenye kuijua habari hiyo akimtazama yule mpanda farasi hawezi kuliona pambo. Anamwona mlinzi aliyewekwa kwa sababu watoto walikuwa wamekwisha kufa.

Hata hivyo watu wa jiji hilo wana jambo la kutufundisha. Mwaka 1934 walikuwa wamefungua reli ya juu kwa juu, iliyopita kati ya majengo na kuyaacha magari ya mizigo mbali na miguu ya watu. Gari la mwisho lilipita huko mwaka 1980, kisha reli ikaota nyasi, na walikuwapo wenye mali waliotaka ibomolewe. Mwaka 2000 na 2001 mpiga picha Joel Sternfeld alipewa ruhusa ya kuipiga picha katika majira yote ya mwaka. Hakuna gari katika picha zake, wala watu. Kuna njia ya chuma iliyomezwa na majani. Picha hizo zilipoonekana, wananchi wengi waliokuwa hawajui kilichokuwa juu ya vichwa vyao walijiunga na waliokuwa wakiitetea, na mwaka 2009 reli ile ikafunguliwa kuwa bustani ya umma. Hatusemi tujenge bustani juu ya reli zetu. Tunasema kwamba hapo picha ilitumika kama hoja mbele ya wenye maamuzi, nayo ikashinda.

Je, sisi tumezuiwa na nini? Sababu moja tuitaje kwa haki. Kwa miaka mingi ilikuwa kosa katika nchi zetu kupiga picha stesheni, daraja au bandari bila ya kibali. Amri hiyo haikutoka hewani. Mwaka 1979 majeshi ya Rhodesia yaliyavunja madaraja ya mto Chambeshi nchini Zambia, na reli ya TAZARA ikakatika. Nchi iliyokuwa mstari wa mbele katika ukombozi wa Kusini mwa Afrika isingeweza kuyachezea mambo kama hayo. Lakini tahadhari ya vita imebaki kuwa tabia ya wakati wa amani. Vizazi viwili vimekua vikiamini kwamba reli ni kitu cha kutazamwa kwa wizi. Matokeo yake ni haya: mgeni mwenye kibali na kamera nzuri aliipiga picha, na mwenyeji aliyezaliwa hatua 20 kutoka kwenye mataruma hana hata moja. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika jambo hili mgeni amekuja mara nyingi, na mwenyeji hajapona.

Tuutazame mtaa wa Kibera, Nairobi. Hapo reli ya kwenda Kisumu imepita katikati ya makazi, na kwa miaka mingi njia hiyo imekuwa barabara, soko na uwanja kwa pamoja. Mama ameweka nyanya na samaki karibu na mataruma, fundi wa viatu amekaa kwenye kokoto, na mabehewa ya mizigo yakija kila mtu anajua ni hatua ngapi za kurudi nyuma. Mahali hapo pamepigwa picha pengine kuliko mtaa wowote wa Afrika Mashariki. Mwaka 2008, katika machafuko yaliyofuata uchaguzi, reli hiyo iling'olewa, na picha zake zikazunguka dunia. Basi someni maelezo yanayoambatana na picha za Kibera, za mwaka huo na za miaka mingine. Mara nyingi mtakuta neno umaskini, neno umati, na jina la mahali. Yule mama ni nani? Alianza kuuza lini? Nani alimfundisha kuitambua saa ya gari la mizigo? Hayamo. Tangu vigari vya Mombasa hadi Kibera imepita zaidi ya miaka 100, kamera imebadilika mara nyingi, na maelezo chini ya picha hayajabadilika. Wala tusiwatupie lawama wageni peke yao. Dar es Salaam, pale Kamata na Buguruni, gari la mizigo limevuka barabara mbele ya wafanya biashara na wapita njia kwa miaka chungu nzima, na hao hawakuwa wamefichwa kwetu.

Linganisheni na jinsi injini zenyewe zilivyoenziwa. Katika miaka ya 1950 shirika la reli la Afrika Mashariki lilinunua injini 34 za aina ya Garratt, za daraja la 59, kutoka kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester, zikavuta mizigo baina ya Mombasa na Nairobi. Kila moja ilipewa jina la mlima. Mlima Gelai wetu ulikuwa injini namba 5918, na Mlima Shengena wa Upare ulikuwa injini namba 5930. Zote mbili zimehifadhiwa katika makumbusho ya reli ya Nairobi. Wapenzi wa reli, wengi wao wa Ulaya, walizipiga picha kwa bidii isiyochoka, wakaandika namba, jina, tarehe, mahali, hata uzito wa mabehewa yaliyovutwa. Bidii hiyo tunaiheshimu. Bila ya hao tungekuwa na kiasi kidogo sana. Lakini katika picha nyingi mkono wa mtu umetokea dirishani mwa injini, na jina lililoandikwa ni la mlima. Dereva na mchochea moto wake waliufanya mlima utembee, nao mara chache sana wakapewa hata mstari mmoja.

Sasa saa yenyewe inatuhimiza. Mwaka 2024 treni za umeme zilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma. Reli hiyo mpya imezungushiwa ua, na ndani ya jiji imeinuliwa juu ya nguzo. Ni jambo jema, maana mtoto hapaswi kucheza kwenye mataruma, na hatutaki Njia ya Mauti yetu wenyewe. Lakini ina maana kwamba kizazi kitakachokaa madarasani baada ya miaka 30 hakitajua jinsi mtaa na gari la mizigo vilivyoishi pamoja, kwa hofu na kwa mazoea. Walioendesha, waliopunga bendera, waliopakua, waliouza chai kwenye tambukareli, wengi wao wangali hai. Wa Bububu wamekwisha. Hao hatutawapata tena kwa njia yoyote. Wa Kamata, Tabora, Tanga na Moshi tunaweza kuwaendea leo alasiri.

Mali bila daftari huisha bila habari, na tunashangaa kwamba shule zetu, ambazo hufundisha usemi huu kila mwaka katika somo la methali, hazijawahi kuufanyia kazi katika jambo hili. Kazi yenyewe haihitaji fedha nyingi. Kila shule ya sekondari iliyo karibu na reli ichague mtaa mmoja. Wanafunzi waende nyumba kwa nyumba wakiomba kuonyeshwa picha za zamani, wasizichukue, bali wazitengenezee nakala na kuzirudisha siku hiyo hiyo. Mwenye picha aketi na mwanafunzi, waitazame pamoja, kila uso ulizwe jina. Huyu ni nani, alikuwa na kazi gani, alilipwa nini, duka hili lilikuwa la nani, gari lilipita saa ngapi, aliwahi kuumia mtu hapa? Majibu yaandikwe kwa maneno ya msemaji mwenyewe, wala mwalimu asiyasafishe yakawa Kiswahili cha mtihani. Na pale panapopigwa picha mpya, shule ikaombe kibali kwa wenye reli mapema na kwa barua, wanafunzi wasimame mbali na njia, na wanaopigwa picha waulizwe kwanza kama wanataka.

Maelezo ya picha ya karatasi yaandikwe nyuma kwa penseli laini bila ya kukandamiza, kwa kuwa wino hupenya na kuharibu upande wa pili. Picha za simu hazina mgongo wa kuandikia. Hizo ziwe na daftari lake, lenye namba ya kila picha na maelezo mbele yake, kwani simu huibiwa na kuharibika. Nakala moja ibaki shuleni, nyingine ipelekwe kwenye hifadhi ya nyaraka: kwa Unguja ni ile ya Kilimani, kwa Bara ni ya Taifa. Pale ambapo jina halikupatikana paachwe nafasi tupu yenye mstari, wala pasiandikwe mwananchi, kibarua au mama muuzaji; na mwanafunzi wa mwaka unaofuata akabidhiwe nafasi hiyo, aanze kuuliza upya mtaani.